Kutafiti afya ya mwili na nafsi kwa wazee wa miaka 85 na kuendelea: mwongozo kamili

Mtafiti aliyezoea kuwahoji watu wa miaka 50 au 60 akiingia kwa wazee wa miaka 85 na zaidi huenda na zana zake zilezile: dodoso la kurasa 40, fomu ya ridhaa ya kusainiwa mara moja, na hesabu ya sampuli inayodhani watapotea watu wachache tu. Zote tatu humwangusha. Katika umri huu wanaofariki kabla ya ziara ya pili, wanaokataa, wanaochoka katikati na wasiosikia swali hawapotei kwa bahati nasibu. Mara nyingi ndio wagonjwa zaidi na wapweke zaidi. Ukibaki na takwimu za waliobaki peke yao, utachora uzee usiokuwepo. Hatua zote hapa chini zinalenga kumbakiza kwenye takwimu yule mzee aliye rahisi kumkosa, na asipoweza kubaki, kuandika sawasawa kwa nini hayupo.

Hatua ya 1: Amua kama swali lako ni la kundi au la mtu

Mwaka 1998 watafiti wa Denmark walianza kuwafuatilia watu 2,262 waliozaliwa mwaka 1905. Walipokuwa na miaka 92, asilimia 39 walikuwa wanajitegemea. Walipofika 100, waliojitegemea kati ya waliobaki walikuwa asilimia 33. Msomaji wa haraka atasema baada ya miaka 90 afya haishuki sana. Lakini chukua wale waliofika 100 peke yao, urudi nyuma uone walivyokuwa wakiwa na miaka 92: asilimia 70 kati yao walikuwa wanajitegemea wakati huo. Kwa hiyo watu wenyewe, ukiwafuata mmoja mmoja, wengi walikuwa wakishuka, na kushuka kwenyewe kulikuwa kukubwa. Wastani wa kundi ulitulia kwa sababu wanyonge walikuwa wanafariki na kuondoka kwenye hesabu.

Takwimu zote mbili ni sahihi. Anayepanga huduma za wazee anahitaji ile ya kwanza, na anayetaka kujua mwili unapitia nini anahitaji ya pili. Ukitaka ya kwanza, awamu moja ya vipimo inatosha. Ukitaka ya pili, lazima umrudie mtu yuleyule, na ziara zisiachane zaidi ya miezi 12. Kwa wenye miaka 95 na kuendelea, miezi 6 ni bora. Ule mtindo wa kurudi kila baada ya miaka 2, unaofaa kwa watu wa makamo, hapa huruka mabadiliko mengi muhimu.

Piga hesabu ya upotevu kabla ya kuomba fedha. Tuseme unakadiria vifo asilimia 18 kwa mwaka na kujitoa asilimia 5. Ukianza na watu 400, baada ya mwaka mmoja unabaki na 308, baada ya miwili 237, baada ya mitatu 183. Kama uchambuzi wako unahitaji watu 250 katika awamu ya mwisho, 400 hawatoshi. Ni afadhali kujua sasa.

Hatua ya 2: Thibitisha umri

Makosa ya umri yanaonekana madogo mpaka uyatie kwenye hesabu. Chukua eneo lenye watu 10,000 wa miaka 80 na watu 20 wa miaka 100 kweli. Ikiwa mmoja tu katika kila 1,000 wa wale wa miaka 80 ameandikwa kimakosa kuwa na 100, unapata "wa miaka 100" bandia 10. Theluthi ya kundi lako ni watu wenye miaka 20 pungufu, na bila shaka watatoka wakiwa na afya ya ajabu. Matokeo mengi ya kushangaza kuhusu watu wa umri mkubwa huanzia hapo.

Tafuta hati iliyoandikwa mapema maishani: cheti cha kuzaliwa, daftari la ubatizo, rekodi ya shule, hati ya ndoa. Kitambulisho kilichotolewa mtu akiwa na miaka 60 kinarudia tu alichosema mwenyewe siku hiyo. Kisha linganisha na maisha yake. Mama akionekana alijifungua mtoto wa mwisho akiwa na miaka 55, simama uchunguze. Baba akionekana ana miaka 14 tu zaidi ya mwanawe wa kwanza, simama vilevile. Angalia pia majina yaliyorithiwa: mtoto akifariki, anayefuata huweza kupewa jina lilelile, na cheti cha aliyefariki kikamfuata aliye hai. Umri wa Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyezaliwa 1875 na kufariki 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, unajulikana hadi siku kwa sababu ya wingi wa hati zilizofuatana toka utotoni mwake.

Pasipo hati, tumia kalenda ya matukio: ukame, vita, mabadiliko ya utawala, ujenzi wa reli. Uliza alikuwa na umri gani kwa kujilinganisha na wadogo na wakubwa zake. Andika kiwango cha uhakika cha kila umri (hati ya awali, hati ya baadaye, kalenda, kauli tu), na uchambuzi wa mwisho ufanyike mara mbili, pamoja na wenye uhakika mdogo na bila wao.

Hatua ya 3: Chagua washiriki bila kuwaruka waliofichika

Orodha bora ni ya sajili ya wakazi au ya vituo vya afya. Usitumie vikundi vya wazee, nyumba za ibada wala matangazo, kwa maana hivyo vinakuletea wanaotembea. Usiwaache wanaoishi kwenye makao ya wazee. Ukiwaacha, umeondoa kwa mkono wako mwenyewe watu wengi wenye ugonjwa wa kusahau.

Wanawake ni wengi sana katika umri huu. Ukichota bila mpangilio utapata wanaume wachache mno kuweza kusema lolote juu yao. Utafiti wa uzee wa Berlin ulioanza mwaka 1990 ulitatua hilo kwa kugawa watu wa miaka 70 na kuendelea katika makundi 6 ya umri, kila kundi wanaume 43 na wanawake 43, jumla 516. Mpango huu ni mzuri, ila una deni: ukitaka kusema jambo juu ya wazee wote wa mji, lazima urudishe uwiano halisi kwa uzani wa takwimu, yaani kila jibu lihesabiwe kulingana na wingi halisi wa kundi lake mjini.

Kwa kila anayekataa au asiyepatikana, andika mambo manne yasiyohitaji mahojiano: umri, jinsia, anaishi wapi, na sababu. Dakika mbili za kazi hii ndizo zitakazokuwezesha baadaye kuonyesha nani alikosekana.

Hatua ya 4: Ridhaa ni ya kila ziara

Uwezo wa kuridhia haupimwi kwa alama za mtihani wa kumbukumbu. Mzee mwenye alama za chini anaweza kabisa kuamua kama anataka kubanwa mkono na mashine ya presha. Pima mambo manne: anaelewa ulichomweleza, anaona kwamba kinamhusu yeye, anaweza kupima faida na hasara, na anatoa uamuzi usioyumbayumba. Njia rahisi ni kumwomba akueleze kwa maneno yake mwenyewe utafanya nini na kama anaweza kukataa. Asipoweza mara ya kwanza, eleza tena kwa sentensi fupi. Wengi hufaulu mara ya pili.

Asiyekuwa na uwezo huo huhitaji mwakilishi aliyekubaliwa na sheria ya mahali pako na kamati ya maadili ya utafiti. Hata hivyo mzee mwenyewe bado ana sauti. Akigeuza uso, akivuta mkono au akikunja midomo, hiyo ni hapana, na msaili anasimama hata kama mwanawe amekwisha kusaini. Liandike hili kwenye mwongozo wa wasaili ili lisiachwe kwa hisia za siku hiyo.

Hatua ya 5: Panga ziara kwa nguvu alizonazo mzee

Nenda kwake, usimwite kwako. Ziara moja isipite dakika 60 hadi 90. Ikibidi, gawanya kazi katika ziara mbili ndani ya siku 10. Saa za katikati ya asubuhi ndizo bora: kuamka, kunawa na kuvaa huweza kummaliza nguvu mtu wa miaka 95, mwache apumzike kwanza. Jioni akili ya wengi huchoka.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Anza na maongezi na ridhaa. Kisha hakikisha anasikia na kuona. Fuata na vipimo vya kumbukumbu akiwa bado na nguvu, halafu vya mwili, halafu maswali ya hisia. Malizia na jambo jepesi, kama kumuuliza anajivunia nini. Usimwache mzee mara baada ya swali la huzuni.

Suala la kusikia linastahili uangalifu kuliko watafiti wengi wanavyolipa. Kabla ya swali la kwanza, uliza kama ana kifaa cha masikioni, kama amekivaa, na kama betri inafanya kazi. Zima redio. Keti mbele yake umbali wa mita moja, mwanga uangukie uso wako ili aone midomo. Sema polepole kwa sauti nzito kidogo. Kupayuka hakusaidii, kwa sababu kinachopotea zaidi uzeeni ni sauti nyembamba, na kelele huzifanya zisieleweke zaidi. Beba kikuza sauti kidogo chenye vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Halafu mpe maneno matatu ya kurudia papo hapo. Akishindwa kuyarudia mara ile ile, unachoona ni sikio. Bila jaribio hili utaandika "ugonjwa wa kusahau" kwa mtu ambaye hakusikia swali.

Msaili asimsemeshe mzee kama mtoto, wala asimkatize anapotafuta neno. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia swali. Tabia hii hufundishwa, na inachukua siku nzima ya mazoezi.

Hatua ya 6: Vipimo vya mwili

Nguvu ya kukamata hupimwa kwa dainamomita, kifaa kinachobanwa kwa kiganja. Mzee aketi, miguu sakafuni, bega limetulia, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kifundo kimenyooka. Rekebisha mpini ulingane na kiganja. Mwambie: "Bana kwa nguvu zako zote, endelea, endelea, achia." Mara tatu kila mkono kwa kupokezana, sekunde 30 za kupumzika katikati, na uandike zote, kisha uchukue kubwa kuliko zote. Chini ya kilo 27 kwa mwanaume na kilo 16 kwa mwanamke ni dalili ya udhaifu wa misuli kwa vigezo vya Ulaya vya msinyao wa misuli. Makosa ya kawaida ni mawili: msaili anayenong'ona badala ya kuhimiza, na kutoandika kwamba vidole vina maumivu ya baridi yabisi. Mwenye maumivu hayo akibana kilo 9, hujui kama umepima msuli au maumivu.

Kipimo kifupi cha utendaji wa miguu, SPPB, kina alama 0 hadi 12: usawa, mwendo na kuinuka kitini, kila kimoja alama 4. Usawa ni kusimama sekunde 10 miguu ikiwa sambamba, kisha kisigino cha mguu mmoja kikiwa ubavuni mwa kidole gumba cha mwingine, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kama anatembea juu ya kamba. Msaili asimame pembeni, mkono karibu na kiuno bila kugusa. Mwendo ni mita 4 kwa kasi ya kawaida, mara mbili, chukua ya haraka. Fimbo inaruhusiwa, ila iandikwe. Nyumba nyingi hazina mita 4 zilizo wazi. Kuna toleo la mita 3 lenye mipaka yake ya sekunde. Chagua moja kabla ya kuanza utafiti, usichanganye. Mwisho, ainuke kitini mara tano mikono ikiwa kifuani, kwa kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hadi 45 kilichoegemezwa ukutani. Beba kiti chako ukiweza: sofa laini inaongeza sekunde na kuharibu ulinganifu. Asiyeweza kuinuka hata mara moja anapata 0. Hiyo 0 ni jibu kamili, usiiache wazi.

Presha ipimwe amelala dakika 5, kisha amesimama dakika ya 1 na ya 3. Kushuka kwa 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye ya chini ni kushuka kwa presha kwa kusimama, chanzo kikubwa cha kuanguka. Kiti kiwe nyuma yake muda wote.

Urefu huwezi kuuamini mgongo ukiwa umepinda. Pima urefu wa goti, mguu wa kushoto ukiwa umekunjwa nyuzi 90, toka chini ya kisigino hadi juu ya paja karibu na goti, kisha tumia fomula ya jinsia na jamii husika.

Kwa shughuli za kila siku tumia kipimo cha Katz chenye mambo 6, au cha Barthel chenye alama 0 hadi 100. Swali liwe "unafanya?" na "unaweza?" kila moja peke yake. Mzee anayeogeshwa na binti yake kwa upendo huenda angeweza kuoga mwenyewe.

Hatua ya 7: Vipimo vya akili na nafsi

MMSE, mtihani mfupi wa kumbukumbu na akili, ina pointi 30 na inatumika mahali pengi. Ina hakimiliki, kwa hiyo shughulikia kibali mapema. Asiyeona huweza kupoteza hadi pointi 5 kwenye kutaja vitu, kusoma, kuandika na kuchora, hata akili ikiwa timamu. Aliyesoma miaka miwili tu atapoteza nyingine. Andika kila kipengele peke yake pamoja na sababu ya kushindwa, na toa alama kama asilimia ya vipengele alivyoweza kujaribu, sambamba na alama ya kawaida.

Uliza familia kama amebadilika ndani ya siku chache zilizopita. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi hutokana na maambukizi, dawa mpya au upungufu wa maji. Ahirisha vipimo, mpeleke kwa tabibu.

Sonona hupimwa mara nyingi kwa GDS, dodoso la sonona kwa wazee lenye maswali 15 ya ndiyo au hapana, na alama 5 na zaidi humaanisha achunguzwe zaidi. Umbo la ndiyo na hapana linawafaa wazee. Ila soma swali linalouliza kama mtu anapendelea kukaa nyumbani kuliko kutoka. Kwa mwenye miaka 60 jibu la ndiyo linaonyesha moyo. Kwa mwenye miaka 97 asiyeweza kushuka ngazi linaonyesha miguu. Ndiyo maana usiishie kwenye jumla: tazama maswali ya huzuni, utupu na kukata tamaa peke yake. Kumbukumbu ikiwa imeharibika sana GDS haifai tena. Hapo tumia kipimo cha Cornell, kinachochanganya uangalizi wa mtaalamu na maelezo ya mlezi.

Usidhani kuridhika na maisha kutafuata ugonjwa. Newcastle, Uingereza, waliozaliwa 1921 walipopimwa wakiwa na miaka 85 hakuna hata mmoja aliyekosa ugonjwa katika orodha ya watafiti. Wastani wa kati ulikuwa magonjwa 4 kwa wanaume na 5 kwa wanawake, lakini asilimia 78 walisema afya yao ni nzuri au zaidi ya nzuri wakijilinganisha na wenzao. Leiden, Uholanzi, kati ya washiriki 599 wa miaka 85, asilimia 13 walikuwa na utendaji bora wa mwili na akili, huku asilimia 45 wakiwa na ustawi bora wa nafsi. Waliotimiza vyote walikuwa asilimia 10 tu. Anayechanganya mambo haya katika alama moja ya "uzee mwema" anafuta habari yenye thamani kuliko zote alizokusanya.

Majibu yawe machache, matatu hadi matano, kwenye kadi yenye herufi kubwa na nyeusi anayoishika mwenyewe. Dodoso likitafsiriwa, lijaribu kwa wazee 10 hadi 15 kwa kuwauliza, "Umeelewa nimeuliza nini?"

Hatua ya 8: Ndugu anapojibu kwa niaba

Ndugu anafaa kueleza magonjwa, dawa, kuanguka na shughuli za kila siku, ingawa mlezi aliyechoka huelekea kuona ulemavu mkubwa kuliko anavyouona mzee. Hisia, upweke na maana ya maisha asiulizwe, isipokuwa kwenye kipimo cha Cornell pale kumbukumbu ya mzee imeharibika sana. Andika ni nani, anamwona mzee mara ngapi kwa wiki. Maswali ya hisia mzee ayajibu akiwa na msaili peke yao chumbani. Mbele ya watoto wake nani atasema yuko mpweke?

Hatua ya 9: Misimbo ya visivyopatikana

Seli tupu kwenye jedwali la takwimu ndiyo hasara kubwa ya utafiti huu. Weka misimbo tofauti kwa: alijaribu akashindwa, hakujaribishwa kwa usalama wake, alikataa, alichoka, hakusikia au hakuona, kifaa kilikosea. Wa kwanza na wa pili kwa kawaida wako chini kabisa ya kipimo, na kuwatupa nje pamoja na wa mwisho hupandisha wastani wa mwendo wa kundi zima bila mtu kugundua.

Kwenye uchambuzi, usimkadirie marehemu alama ambazo angepata kama angekuwa hai. Tumia mifumo inayochambua vipimo na muda wa kuishi kwa pamoja. Halafu panga upya takwimu kwa umbali wa kifo badala ya umri: kumbukumbu na kuridhika na maisha hushuka kwa kasi zaidi katika miaka michache ya mwisho, na mteremko huo hujificha ukipanga kwa umri peke yake.

Hatua ya 10: Usalama, na ziara ya mwisho

Kabla ya ziara ya kwanza uwe na jina la tabibu wa kupigiwa simu. Msaili apige siku hiyohiyo akikuta presha 180/120 au zaidi, mawazo ya kujiua, kuchanganyikiwa kwa ghafla, au dalili za kuteswa na kunyimwa chakula. Matokeo ya kawaida mpe mzee kwa maandishi makubwa.

Chukua mawasiliano ya watu wawili wasioishi nyumba moja na mzee, na upige simu fupi kila baada ya miezi 3. Mzee akifariki, tuma rambirambi, subiri miezi mitatu hivi, kisha omba mazungumzo ya nusu saa na aliyemuuguza: ni lini aliacha kutembea, lini aliacha kuwatambua watu, alikuwa na maumivu, alifia wapi. Majibu hayo ndiyo yanayojaza miezi ambayo hakuna kipimo kingine kilichoifikia.